Sura ya Tano: Kinachobeba na Kinachoshika

Katika miji yetu kontena limegeuka nyumba ya biashara. Lipo la vipuri, lipo la saluni, lipo la wakala wa kutuma pesa, na mengine yamekuwa vibanda vya walinzi na ofisi za mafundi. Ukilikaribia moja, achana na rangi na tangazo, angalia kona zake. Kila kona ina kipande kinene cha chuma cha kusubu kilichochomelewa mahali pake, nne chini na nne juu, na kila kipande kina matundu matatu: moja linatazama juu au chini, mawili yanatazama pembeni. Kipimo chake ni milimita 178 kwa 162 kwa 118, iwe Mombasa, Shanghai au Rotterdam, sanduku lenyewe liwe limetoka kiwanda chochote. Mwenye duka hana kazi na vipande hivyo. Lakini hivyo ndivyo vilivyoliwezesha sanduku lake kuvuka bahari likiwa limebeba wenzake kichwani.

Chukua rula upime. Kona ya juu imechomoza juu ya paa kwa milimita 6 au zaidi. Kona ya chini imeshuka chini ya boriti za ubavuni kwa milimita 12 na nusu. Tofauti hizo ni ndogo kiasi kwamba mpita njia hazioni, lakini zina maana kubwa: makontena mawili yakipandanishwa yanagusana mahali panne tu, kona kwa kona. Paa halibebi kitu, na halikuundwa kubeba, kwa kuwa ni bati lenye unene wa milimita 2 hivi. Simama ubavuni mwa makontena mawili yaliyopandanishwa, uiname kidogo usawazishe jicho na mahali yanapokutana, utaona mwanga ukipenya kutoka upande wa pili. Tani nyingi zimening'inia juu ya upenyo huo, na uzito wote unashuka kwa njia moja: kona, nguzo, kona, nguzo, mpaka sitaha ya meli au sakafu ya bandari.

Huo ndio uamuzi mkubwa katika historia nzima ya sanduku hili. Kazi ya kubeba imekabidhiwa kona na nguzo peke yake. Kinachounganisha sanduku na sanduku kina kazi nyingine. Kazi yake ni kushika, yaani kuzuia la juu lisiteleze pembeni na lisinyanyuke. Anayechanganya kazi hizi mbili huvunja vitu. Hata duka la mtaani linathibitisha hilo. Liweke kontena juu ya mawe yaliyopangwa katikati ya ubavu badala ya chini ya kona, na baada ya mvua mbili tatu, udongo ukishuka upande mmoja, fremu inapinda na mlango unagoma kufunga. Fundi atakuja na nyundo kunyoosha bawaba, kumbe kosa liko chini kwenye mawe.

Muungo wenyewe una historia inayojulikana vizuri. Malcom McLean alikuwa tajiri wa malori kutoka North Carolina, Marekani, aliyechoka kuona shehena ikipakuliwa gunia kwa gunia, kreti kwa kreti, kutoka kwenye lori hadi melini. Mwaka 1955 alimwajiri mhandisi Keith Tantlinger, ambaye alikuwa amekwisha kutengeneza masanduku ya alumini katika kiwanda cha matrela huko Spokane, jimbo la Washington. Tarehe 26 Aprili 1956 meli ya mafuta iliyogeuzwa, Ideal X, iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na masanduku 58 juu ya sitaha. Safari hiyo husimuliwa kila mahali, lakini kwa mada yetu haikuwa na uzito sana, maana masanduku yalipangwa tabaka moja tu. Hapakuwa na la juu wala la chini. Swali gumu lilikuja mwaka uliofuata, Oktoba 1957, pale Gateway City ilipoanza kazi ikiwa na nafasi ya makontena 226. Ndani ya tumbo la meli masanduku yalitelezeshwa kati ya reli za wima zilizoyabana kwenye pembe, kwa hiyo hayakuwa na pa kwenda. Juu ya sitaha hapakuwa na reli. Palikuwa na upepo na mawimbi.

Jibu la Tantlinger ni kile ambacho watu wa bandari wanakiita twistiloki, au loki tu. Tundu la kona linalotazama juu ni refu kuliko lilivyo pana: milimita 124 na nusu kwa 63 na nusu, na urefu wake unafuata urefu wa kontena. Loki ina kichwa cha chuma chenye umbo hilohilo, kimechongoka kidogo kuelekea juu. Kichwa kikilala sambamba na tundu, kinapita bila kugusa. Kizungushe nyuzi 90 na kitakaa kimekingama ndani ya kona, kisiweze kurudi kilikotoka. Ni mantiki ya kifungo cha shati, ila hiki kimetengenezwa kwa chuma cha kuvutwa kwa tani 25 bila kulalamika na kisichotakiwa kukatika kabla ya tani 50. Loki ya kati ya makontena mawili ina vichwa viwili, kimoja juu na kimoja chini, vimeungwa na mhimili mmoja, na mkono mmoja mfupi huvizungusha vyote pamoja.

Hakuna nati wala bolti. Hilo linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu bolti ingekuwa imara zaidi kwa kipimo chochote cha maabara. Bolti hukaza vyuma viwili mpaka vikawe kama kimoja. Lakini bolti inataka matundu yakutane sawasawa, inataka spana, inataka muda, na baada ya mwezi mmoja wa chumvi ya bahari inataka msumeno. Meli yenye maelfu ya makontena haina muda huo. Muungo wa shehena lazima ushike safari nzima halafu uachie kwa sekunde chache, mikononi mwa mtu aliyevaa glavu, usiku, katika mvua. Sharti la pili ndilo lililoamua umbo la loki kuliko la kwanza.

Kwa hiyo loki imeachwa ikiwa na mchezo, kama mafundi wanavyosema: nafasi ya milimita kadhaa pembeni na milimita kadhaa kwenda juu kabla chuma hakijagusana na chuma. Anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani ni loki iliyochakaa. La, imekusudiwa. Urefu wa kontena la futi 40 ni milimita 12,192, na kiwango cha kimataifa kinaruhusu lipungue hadi milimita 10. Mstari wa kona kwa kona ukipimwa mara mbili, kushoto na kulia, vipimo vinaruhusiwa kutofautiana hadi milimita 19, maana hakuna kiwanda kinachochomelea fremu ndefu namna hiyo ikawa pembe mraba kamili. Jua nalo lina sehemu yake. Chuma cha mita 12 kikipanda joto kwa nyuzi 30 kinarefuka zaidi ya milimita 4. Ukikosa kuacha nafasi, sanduku la baridi lililopakiwa Ulaya mwezi wa Januari litagoma kukaa juu ya jingine lililoshinda juani Dar es Salaam. Na aliyeketi katika kibanda cha kreni, juu sana angani, anatakiwa aliteremshe sanduku la tani 30 juu ya vichwa vinne kwa wakati mmoja. Ndiyo maana vichwa vimechongoka: vinamwongoza.

Uvumilivu huohuo umeandikwa katika urefu wa masanduku. Kontena la futi 20 lina urefu wa milimita 6,058. Mawili yakifuatana yanafika 12,116, pungufu ya futi 40 kwa milimita 76. Upungufu huo umepangwa makusudi, ili mawili yaweze kukaa katika nafasi ya moja, na moja refu liweze kukanyaga kona za nje za mafupi mawili. Pengo la milimita 76 halipitishi mtu, na wafanyakazi wa melini wanalijua kwa shida yake: loki zilizo katikati hapo hazifikiki kwa mkono.

Hata hivyo loki nzuri ya kampuni moja haina faida kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kila kampuni ya meli Marekani ilikuwa na kona zake na namna yake ya kushikanisha, na kontena la huyu halikukaa juu ya la yule. Mwaka 1963 Sea-Land, kampuni ya McLean, ilikubali kuiachia hataza yake ili wengine waitumie katika kutafuta kiwango kimoja. Tantlinger mwenyewe aliipigania hatua hiyo. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilichukua muundo uliotokana na wake, majaribio yakaonyesha kwamba kona zilizopitishwa haziwezi mizigo mipya mikubwa, na mwaka 1967 wahandisi walikutana London kunenepesha chuma chake. Wenye makontena ya mwanzo walilazimika kubadilisha kona walizokwisha kuzichomelea. Gharama hiyo ilistahili kila senti. Kona ya ISO 1161 ndiyo inayolitoa sanduku lilelile kwenye meli ya Denmark, kulipeleka kwenye behewa la reli ya kisasa ya Kenya, na kulishusha kwenye trela ya mchukuzi wa Kampala, bila mtu kuuliza kama vitaingiliana.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoipa loki sifa isizostahili na lawama isizostahili. Chukua rundo la makontena matano juu ya sitaha, kila moja tani 10 na kimo cha mita 2.6. Meli inakwenda mrama, na kila sanduku linasukumwa pembeni kwa nguvu sawa na nusu ya uzito wake, jambo la kawaida katika bahari chafu. La chini linasukumwa katika kimo cha mita 1.3, la pili mita 3.9, na hivyo hivyo hadi la juu kabisa katika mita 11.7. Jumlisha, zidisha, na utapata nguvu ya kupindua ya tani 162 na nusu kwa mita. Kinachoizuia ni upana wa sanduku, na kati ya tundu na tundu upana huo ni mita 2.26 tu. Uzito wa masanduku yenyewe unasaidia kulikandamiza rundo chini. Ukiutoa, kila loki ya chini upande unaonyanyuka inavutwa kwa tani 23 na nusu hivi. Kikomo chake cha kazi ni tani 25. Imeshika, kwa kiasi kidogo.

Ongeza kontena la sita lenye tani 10 na mvuto kwa kila loki unafika karibu tani 37. Sanduku moja limeongeza zaidi ya nusu. Ndiyo maana makuli wa bandarini hufunga pia vyuma virefu vya mshazari kutoka sitahani mpaka kwenye matundu ya pembeni ya kona, na kuvikaza. Ndiyo maana pia meli kubwa zimejengewa majukwaa ya chuma kati ya safu na safu, ili vyuma hivyo vianzie juu zaidi.

Rudi kwenye matano. Tuseme moja kati yao lina tani 20, ingawa karatasi zinasema 10. Likiwa limewekwa juu kabisa, mvuto kwa loki unapanda kutoka tani 23 na nusu hadi karibu 34. Likiwa chini kabisa, mvuto unashuka hadi 22 na kidogo, kwa maana uzito wake unakandamiza kuliko unavyopindua. Tani 10 zilezile, chuma kilekile, bahari ileile. Mahali zilipowekwa ndipo panapoamua kama loki itarudi bandarini au la. Na anayeamua pa kuziweka ni afisa wa mipango ya upakiaji, ambaye halioni sanduku. Anaiona namba aliyoandika msafirishaji. Mtu aliyepunguza uzito kwenye fomu ili akwepe ada amelegeza loki za watu wengine wote katika rundo lile, na mabaharia wanaopita chini yake hawana habari. Kwa miaka mingi hakuna aliyelazimika kulipima kontena kabla ya kupakiwa. Kanuni za kimataifa za usalama wa maisha baharini zilibadilishwa, na tangu tarehe 1 Julai 2016 kontena lililojazwa haliruhusiwi kupanda melini bila uzito uliothibitishwa, ama kwa kulipima lote likiwa limefungwa, ama kwa kupima kila kilichoingia na kujumlisha na uzito wa sanduku tupu. Naiona kanuni hiyo kuwa maboresho makubwa ya loki kuliko chuma chochote kipya kilichobuniwa tangu Tantlinger.

Mikono ya watu nayo imo katika hesabu hii. Loki za mwanzo zilifungwa na kufunguliwa moja moja, na nyingine zilitaka mtu apande juu ya rundo, ghorofa kadhaa kutoka sitahani, kwenye paa lenye unyevu lisilo na kizuizi. Watu walianguka. Marekani ilipitisha kanuni kwamba baada ya Julai 1999, panapotumika kreni kubwa za makontena, mfanyakazi asipandishwe juu kufunga au kufungua loki isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Kilichowezesha hilo ni loki yenye springi. Mfanyakazi huichomeka kwenye kona za chini za kontena likiwa linaning'inia kwenye kreni, miguu yake ikiwa kwenye gati. Kontena likitua juu ya mwenzake, springi inajifyatua na kichwa kinageuka chenyewe. Kufungua bado kunataka mtu, anayevuta waya kwa ufito mrefu akiwa amesimama chini. Baadaye zikaja loki zinazojifungua zenyewe kreni inaponyanyua, zinazotegemea umbo peke yake kutofautisha mvuto wa kreni na mvuto wa wimbi. Hizo zilitiliwa shaka kubwa katika miaka ya 2000 baada ya baadhi ya meli kupoteza makontena, na shaka hiyo haikuwa ya bure. Chuma hakijui nani anayevuta.

Kuna kasoro nyingine ndogo, ya kukera, inayoonyesha jinsi ubunifu unavyoweza kumwangusha mtu makini. Loki za mkono zilitengenezwa za aina mbili: nyingine hufunga mkono ukielekea kulia, nyingine ukielekea kushoto. Kila aina ni salama ikiwa peke yake. Zichanganye kwenye meli moja, na mkaguzi anayepita na tochi usiku, akiangalia safu ndefu ya mikono iliyoelekea upande mmoja, hana namna ya kujua zipi zimefunga na zipi ziko wazi. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Bahari unahimiza meli iwe na aina moja. Lakini loki huzunguka dunia pamoja na makontena. Zinashushwa bandari hii kwenye mapipa na kupandishwa bandari ile, na mchanganyiko huingia bila mtu kukusudia.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Januari 2019, MSC Zoe, meli ya mita 395, ilikuwa njiani kutoka Sines, Ureno, kwenda Bremerhaven, Ujerumani, ikipita kaskazini ya visiwa vya Uholanzi. Ilipoteza makontena 342. Wakazi wa Terschelling na Vlieland waliamka wakakuta ufukwe umejaa vitu vya kuchezea watoto, televisheni, samani na punje za plastiki. Uchunguzi wa pamoja wa Panama, Uholanzi na Ujerumani ulionyesha kitu kinachopingana na hisia za kawaida: meli ilikuwa na utulivu mwingi mno. Upana wake wa karibu mita 59 huifanya irudi wima haraka kila inapolala upande, na kurudi kwa haraka huko ndiko kunakorusha masanduku ya juu kwa nguvu. Maji yalikuwa ya kina kifupi, pengine sehemu ya chini ya meli ilikaribia kugusa mchanga, na mawimbi yaliruka hadi kwenye makontena. Kuiongezea meli upana ni kuiongezea loki kazi, na kwa miaka mingi meli zimekuwa zikipanuka ilhali tundu la kona limebaki milimita 124 na nusu kwa 63 na nusu.

Nchi kavu, loki ileile imo kwenye kila trela ya kontena, nne kwa futi 40, na huko hakuna mrama wala mchunguzi wa kimataifa. Kuna mzunguko wa barabara, mwendo, na kontena lenye shehena iliyopangwa upande mmoja. Katika nchi kadhaa za Afrika utamsikia dereva akisema kwamba afadhali loki ziachwe wazi, ili kontena likipinduka lisiondoke na lori. Hoja hiyo inaeleweka kwa mtu anayeilinda roho yake. Lakini trela na sanduku lililoshikwa hulala pamoja kama kitu kimoja kizito, ilhali sanduku lisiloshikwa linaanza kuteleza na kunyanyuka kwenye kona zake kabla trela haijafika kwenye pembe ya kupinduka. Dereva anakuwa amenunua nafuu yake kwa kumshushia tani 25 aliyesimama kituoni akisubiri daladala. Hakuna haki katika biashara hiyo.

Ukaguzi wa loki hizo hautaki chombo chochote zaidi ya tochi. Dereva au utingo azunguke trela kabla ya kutoka getini, ainame kwenye kila kona ya chini, amulike tundu la pembeni. Ndani atakiona kichwa cha loki. Kikiwa kimekingama, kimeshika. Kikiwa kimelala kufuata urefu wa kontena, mkono haujazungushwa, au umezungushwa na mhimili umekatika ndani. Hiyo ya pili hutokea kwenye trela kuukuu, na mkono pekee hautamwambia.